Maswali ya wazazi mtandaoni kuhusu chanjo ya HPV yajibiwe vipi

Tangazo la chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, likipata "like" nyingi, hiyo si dalili kwamba wazazi wamekubali. Wanachofikiri kimo kwenye maoni. Kwa nini wasichana tu? Kwa nini bure? Mbona zamani mlisema dozi mbili? Na lile zito kuliko yote: haitamharibu mtoto kizazi?

Anayeuliza hivyo anamjali mtoto wake. Ukimfutia swali, atalipeleka kwenye kundi la WhatsApp ambako hakuna muuguzi. Huko atakuta ujumbe wa sauti usiojulikana umetoka kwa nani, una mishale miwili. Mishale hiyo huonyesha tu kwamba ujumbe umeshasambazwa mara nyingi, si kwamba umethibitishwa.

Unapojibu, tanguliza ukweli. Usiposti tena picha ya uvumi, hata ukiichora alama ya X, maana wengi huona picha na kupita. Andika hivi: "Chanjo haiharibu kizazi. Haina kirusi ndani yake, ina protini inayofanana na ganda la kirusi ili mwili ujifunze kukitambua. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoweza kumfanya mwanamke aondolewe mji wa mimba."

La dozi lina jibu fupi. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa dozi mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri huo umechaguliwa kwa sababu chanjo hukinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi.

Linaloharibu kampeni haraka ni video ya mtoto aliyezimia. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, video za namna hiyo zilisambaa na uchanjaji ukaporomoka nchi nzima, ingawa uchunguzi haukuona kosa la chanjo. Hofu ya sindano hushusha presha ghafla, na mmoja akianguka mbele ya foleni, wenzake humfuata. Kwa hiyo mchanje msichana akiwa ameketi, mahali ambapo wenzake hawamwoni, kisha apumzike dakika 15. Wazazi waelezwe jambo hili kabla ya siku ya chanjo. Wakilisikia baada ya video, huonekana kisingizio.

Siku za kwanza awepo muuguzi wa kujibu jioni, wazazi wakiwa nyumbani na simu mkononi.