Ni kiangazi, turubai la nini?

Mhazina wa kamati ya harusi ya mlimani akifika kwenye mstari wa maturubai katika orodha ya matumizi, kalamu yake husimama, kisha husema yale ambayo kila mhazina wa mkoa huu wa Kigoma husema kuanzia Mei hadi Septemba: harusi ni ya Julai, Julai hakuna mvua, sasa turubai la nini? Wajumbe hutikisa vichwa kukubali, mstari hukatwa, na fedha huhamia kwenye vinywaji. Juma hili nimeyasikia tena maneno hayo, nikaona heri niandike kuliko kubishana kikaoni, kwa kuwa mfunga maturubai anayetetea maturubai huonekana anautetea mfuko wake. Ninautetea, sikatai. Hata hivyo mhazina naye ana jambo hajalielewa, na wanaoadhibiwa kwa kutoelewa huko ni wageni waalikwa.

Kuhusu mvua, hakosei. Masika yetu huisha kwa kawaida katika nusu ya kwanza ya Mei, na Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu kabisa. Nikiambiwa nifunge turubai la kuzuia mvua katikati ya Julai kule Manyovu, milimani kwetu, nitapokea malipo huku nikiona haya. Lakini mlimani wakati wa kiangazi mvua ndiyo jambo la mwisho ninalolifikiria. Ninafikiria jua la jioni, upepo na baridi ya usiku, na kila kimoja kina madai yake kwa turubai, na madai hayo hayapatani.

Nianze na jua, kwa sababu linaharibu ratiba kabla ya kuharibu kitu kingine chochote. Kamati nyingi siku hizi huchukua ratiba ya harusi iliyofanyika Dar es Salaam na kubadilisha majina tu. Saa zetu ni zile zile, lakini jua halikuhudhuria kikao hicho. Kigoma iko magharibi mno, kiasi kwamba katikati ya Julai jua huzama dakika chache baada ya saa 1 usiku, karibu dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba saa 11 jioni, wakati maharusi wanaingia na mshereheshaji anawataka watu wasimame, jua letu bado liko juu vya kutosha kuunguza, na liko chini vya kutosha kupenya pembeni mwa turubai lisilo na ukuta. Paa halisaidii chochote hapo. Bibi harusi hukunja uso katika kila picha, na baadaye mpiga picha hulaumiwa.

Hapa ndipo ninapokosana na wanaotaka «ziwa lionekane nyuma ya meza kuu». Kila mtu anataka hivyo, na ninaelewa kwa nini: ukiwa kwenye vilima vya juu ya Ziwa Tanganyika, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo, ni dhambi kuwageuzia watu mgongo wa jengo. Lakini ziwa liko magharibi. Meza kuu ikilipa ziwa mgongo, wageni wote mia tatu wanatazama jua kwa saa mbili mfululizo, na nyuso za maharusi zinakuwa giza kwa sababu mwanga wote uko nyuma yao. Ukiigeuza meza ili maharusi walitazame ziwa, wanaoungua ni wao. Mpangilio ninaoupendekeza ni meza kuu kukaa upande wa kusini, maharusi wakitazama kaskazini na wageni wakitazama kusini. Mwezi Julai jua halizami magharibi kamili bali zaidi ya nyuzi 20 kuelekea kaskazini, kwa hiyo kwa mpangilio huu huwaangaza maharusi kwa ubavu wa kushoto, ambao ni mwanga mzuri kwa picha, na huwapiga wageni kisogoni upande wa kulia, ambako ukuta mmoja wa turubai unatosha kulizuia. Ziwa linabaki upande mmoja, na kila anayetaka kulitazama atageuza shingo.

Sasa upepo, ambao ndio sababu hasa ya kuandika. Upepo mkuu wa kiangazi katika ziwa letu hutoka kusini-mashariki, na wavuvi huujua vizuri kuliko mimi. Mbali na huo kuna upepo mwingine wa kila siku: mchana ardhi ikipata joto hewa hupanda mteremko kutoka ziwani, na usiku, ardhi ikipoa, hewa hiyo hugeuka na kuteremka. Kwa hiyo turubai la mlimani halipigwi na upepo wa upande mmoja. Linaweza kuwa tulivu saa 9 alasiri, mhazina akalitazama kwa kuridhika, kisha saa 2 usiku likaanza kupumua kutoka upande ambao hakuna aliyeufikiria.

Watu hudhani ukuta wa turubai ni kinga dhidi ya upepo. Kwa wageni ni kinga, lakini kwa turubai lenyewe ni tanga la jahazi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilomita 36 kwa saa na si dhoruba ya kutangazwa redioni, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5. Ukuta wa mita 12 kwa mita 2.5 una mita za mraba 30, kwa hiyo unasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 150. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, na hapo unazungumzia kilo 600 juu ya nguzo za mabomba membamba zilizoshikiliwa na vijana wawili na kamba ya katani. Nikiulizwa kwa nini bei yangu ya mlimani si sawa na bei ya uwanja wa mjini, jibu ni hesabu hiyo, ambayo sijawahi kupata nafasi ya kuimaliza kikaoni bila mtu kuuliza habari za keki.

Kuna waliogundua mapipa. Wanaleta pipa la lita 200, wanalijaza maji, wanalifunga kamba na kutangaza kwamba turubai limetia nanga. Pipa hilo lina uzito wa kilo 200, ni kweli, lakini uzito wa kushuka chini si sawa na uwezo wa kuzuia msukumo wa ubavu. Pipa huteleza kabla msukumo haujafika kilo hizo 200, hasa kwenye nyasi kavu, na likifungwa kamba juu huanguka kabisa. Kamba ifungwe chini, karibu na ardhi. Vigingi vya chuma ni bora, virefu, vikipigwa kwa kulalia nje ya turubai, si wima. Ardhi ambayo haijalimwa huvishika vizuri hata kama mwezi Julai inachosha mikono, lakini shamba lililolimwa, ambalo kamati hulipenda kwa sababu ni tambarare, hubaki vumbi tupu na kigingi hutoka kwa mkono mmoja. Uwanja wa shule ya msingi uliokanyagwa na watoto kwa miaka mingi ni mahali pazuri kuliko bustani nyingi nilizoonyeshwa.

Pazia la mapambo nyuma ya meza kuu linastahili ugomvi wake peke yake. Kwa mpangilio niliousema, meza kuu iko kusini, na upepo mkuu unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo pazia ndilo la kwanza kupigwa. Wapambaji wenzangu husimamisha fremu ya mita 6, wakaibandika kitambaa kizito na maua, halafu miguu yake wakaiwekea matofali mawili mawili. Nyuma ya maharusi! Fremu ifungwe kwenye nguzo za turubai, kitambaa kiwe chepesi, na kiachwe na mianya hewa ipite. Bibi harusi haolewi na pazia.

Je, mahali pa kufunga ni wapi? Kilele ndicho kinachopendwa, na kilele ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hewa inayopita juu ya mgongo wa mlima huongeza kasi. Ninawapeleka watu chini ya mgongo, upande wa kaskazini-magharibi, ambao kwa bahati nzuri ndio unaotazama ziwa. Na hapa lazima nikiri kitu ambacho hesabu yangu haikiponyi: mlima ukiwa na ukingo mkali, upande uliojificha hauwi na utulivu bali hewa huzunguka, hupiga kutoka juu, hupiga kutoka chini, halafu hunyamaza. Kwenye mteremko wa taratibu shauri langu lina nguvu. Kwenye ukingo mkali ni kubahatisha kwa adabu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ninausoma kila siku, lakini hautolewi kwa kila kilima, na kilima kimoja hutofautiana na jirani yake. Huwa naenda kupaona mahali jioni, saa ile ile ambayo sherehe itafanyika, si asubuhi, nikiwa na kipande cha kitambaa kwenye kijiti. Si sayansi ya kujivunia.

Mengine nitayapitia haraka. Baridi: ziwa liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Manyovu hufika mita 1,500 na zaidi, kwa hiyo ni wastani wa nyuzi 4 au 5 pungufu ya mjini, na anga isiyo na mawingu huzidisha. Wanaowashonea wasimamizi magauni ya mabega wazi wawaandalie na vitenge vya kujifunika. Jenereta hupungukiwa nguvu mlimani kwa sababu hewa ni nyepesi, zaidi ya sehemu ya kumi kwa kimo hicho, kwa hiyo linalotosha kwa shida mjini halitatosha juu. Jiko la kuni likae mbali na nyasi kavu, na mahali ambapo moshi hautawafuata wageni upepo ukigeuka usiku. Wakatoliki wasiandike kwenye kadi kwamba ndoa itafungwa mlimani: kwa kawaida ni kanisani, na mahali pengine ni kwa ruhusa ya askofu. Na taarifa ya siku 21 inayotakiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haifupishwi na uzuri wa mandhari.

Limebaki la mwanga na samaki, ambayo kwetu ni jambo moja. Wanaotaka kubana matumizi ya taa huniuliza kama wanaweza kuchagua Jumamosi ya mbalamwezi. Wanaweza, lakini mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama magharibi, na sisi tumejificha upande wa magharibi wa mlima, kwa hiyo mwezi huo utachelewa nyuma ya mgongo wa mlima huku wageni wakipapasa vijiko. Isitoshe, dagaa wetu huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, yaani karibu msimu wote wa harusi za kiangazi. Kamati inayoahidi migebuka mibichi kwenye kadi ya mwaliko ya Julai iulize kwanza afisa uvuvi, na kama jibu ni hapana, basi iweke oda ya kuku mapema, kwa sababu kamati nyingine zote nazo zitakuwa zinawatafuta kuku hao hao.