Hema lako halivuji, hayo maji ni pumzi yako

Kijana mmoja aliniletea hema la watu watatu akiwa amekata tamaa nalo. Walikuwa wamelala usiku mmoja tu kwenye kambi ya Simba, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, wakaamka mabegi ya kulalia yamelowa. "Fundi, hili limeoza," akaniambia. "Au nimeuziwa bovu."

Nikalisimamisha nyuma ya karakana, nikamwomba kijana wangu alimwagie maji juu ndoo baada ya ndoo, mimi nikiwa ndani nimejifungia na tochi. Nikapitisha kidole kwenye kila mshono. Hakuna tone lililopita. Nikatoka nikamuuliza: usiku ule mvua ilinyesha? Akafikiri kidogo. Hapana, ila ukungu ulikuwa mzito. Vidirisha vya juu mlivifungua? Hapana, walifunga kila kitu, baridi ilikuwa kali.

Kazi yangu ni kushona na kutengeneza mahema hapa Moshi. Kabla ya cherehani nilikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyoitana, na nimebeba, nimesimamisha na nimekunja mahema katika hali zote za hewa ambazo mlima ule unazo. Nasema hili kwa uhakika: sehemu kubwa ya mahema ninayoletewa kwa kosa la kuvuja hayavuji. Watu wanatupa hema zima, au wanatumia pesa nyingi kununua jingine la bei kubwa, kisha wanalowa vilevile.

Mtu akilala, anatoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na kwa ngozi. Wakilala watatu, mvuke huo ni mwingi kuliko unavyodhani. Sasa fikiria kifuniko cha sufuria ya wali. Ukikifunua, chini yake kuna matone, na hakuna mtu anayesema kifuniko kimetoboka. Mvuke wa moto umegusa bati lenye baridi ukageuka maji. Kitambaa cha nje cha hema ndicho kifuniko. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Saa tisa usiku kitambaa kile ni baridi kama jiwe, nyasi chini zina umande, hewa ya nje imejaa ukungu, na ninyi ndani mmeziba kila upenyo.

Ndiyo maana hema zuri lina ngozi mbili. Ya ndani ni kitambaa chepesi kinachopumua, au chandarua kabisa. Ya nje ndiyo ya kuzuia mvua. Mvuke unapita ya ndani, unagonga ya nje, unakuwa maji, maji yanateremka hadi chini nje ya sakafu. Yote hayo yanategemea jambo moja, kwamba ngozi hizo mbili zisigusane. Zikigusana, maji yanaingia ndani kwa kufyonzwa, na ukiegemeza begi lako hapo, asubuhi limelowa. Kinachozitenganisha ni zile kamba za pembeni ambazo watu wengi huziacha zimefungwa kwenye mfuko wake, wakidhani ni za siku ya upepo tu. Zitoe. Zikaze zote, hata usiku wa utulivu. Halafu zirudie kabla ya kulala, hasa kama hema lako ni la nailoni, maana nailoni ikilowa hunyonya maji na kulegea. Poliesta hailegei hivyo.

Kutambua ni rahisi. Amka asubuhi, pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa cha nje. Kama kimelowa chote sawasawa, hiyo ni pumzi. Kama maji yako kwenye mstari wa mshono, au mahali pamoja tu panapodondosha, basi hilo ni tundu, niletee. Na dawa ya pumzi ni hewa. Fungua vidirisha vya juu, kisha acha zipu ya mlango wa nje wazi upana wa kiganja kwa chini, ili hewa iingie chini na itokee juu. Utasikia ubaridi zaidi kidogo, sikatai. Lakini begi kavu kwenye hema lenye baridi linakutunza kuliko begi lililolowa kwenye hema lililofungwa. Viatu na makoti yaliyolowa yakae kwenye kibaraza cha hema, kati ya ngozi mbili, wala si ndani mlipolala.

Yule kijana nilimrudishia hema lake kama lilivyokuja.

Wapo wanaoniuliza wanunue lipi. Mimi huuliza kwanza watalisimamisha wapi. Anayekwenda Lushoto na familia kwa gari, na anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku sita, hawahitaji kitu kimoja. Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye mfuko ipunguze mmoja: hema la watatu linawatosha wawili na mizigo yao, kwa sababu mtengenezaji hupima watu waliolala bega kwa bega bila begi hata moja. Kisha angalia milango. Ikiwa miwili, nunua kwa furaha, hakuna atakayemruka mwenzake usiku, na hewa inapita.

Kuna namba inayowachanganya wengi, ile ya milimita: 1,500, 2,000, 3,000. Hupimwa kwa kusimamisha maji ndani ya bomba juu ya kitambaa hadi kianze kupitisha. Kikistahimili maji ya kimo cha mita moja na nusu, ni 1,500. Kwa kitambaa cha juu hiyo inatosha mvua nyingi, kwa sababu tone linapiga na kuteremka. Sakafu ndiyo inayohitaji namba kubwa. Ukipiga goti kwenye ardhi iliyolowa, uzito wako wote unasukuma maji kupitia eneo dogo la goti. Nimeona sakafu nyingi zikianza kupitisha maji pale pale mtu anapoegemea kuvaa viatu.

Fito ni za aina mbili hasa. Za nyuzi za kioo ni nafuu na nzito, na zikivunjika hupasuka kwa urefu na kuacha vibanzi vinavyochana kitambaa. Za aluminiamu hupinda kwanza, na kilichopinda unaweza kumalizia nacho safari. Kwa mlimani sibishani, chukua aluminiamu. Na daima kwenye mfuko wa hema kuwe na kile kibomba kifupi cha kuvisha juu ya ufito uliovunjika, pamoja na mkanda wa gundi. Unavivisha, unazungushia mkanda pande zote mbili, unalala.

Kama unanunua la mitumba, na pale soko la Memorial huwa yanapatikana mazuri, usiangalie rangi. Geuza kitambaa cha nje, sugua upande wa ndani kwa kidole gumba, kisha nusa. Kikinata kama ulimbo na kutoa harufu kali ya uchachu, ule utando wa kuzuia maji umekufa. Liliwahi kukunjwa likiwa na unyevu likaachwa stoo. Hilo hata kwangu halitengenezeki kwa bei yenye maana, liache. Zipu mbovu lakini, au tundu la cheche, au mshono ulioachia, hayo ni kazi ya nusu siku, na unaweza kushusha bei kwa hoja hiyo.

Neno moja kuhusu mahema mazito ya pamba, yale ya turubai la zamani ambayo kambi nyingi za safari bado zinayapenda kwa ubaridi wake mchana. Likiwa jipya litapitisha maji kwenye mishono, na si bovu. Lisimamishe nyumbani, lilowanishe kabisa, liache likauke, rudia. Nyuzi za pamba zikinywa maji huvimba na kuziba matundu ya sindano.

Sasa ardhi. Ningepewa kuchagua kati ya hema la bei ndogo mahali pazuri na hema la bei kubwa mahali pabaya, ningechukua la kwanza bila kufikiri mara mbili. Usilale ndani ya korongo hata kama mchanga wake ni laini na ni kiangazi, maana mvua inaweza kunyesha mlimani usikoiona na maji yakakufikia usiku. Tazama juu: tawi kavu la mgunga halitoi taarifa. Tazama chini: miiba, na mistari ya siafu hasa kipindi cha mvua. Udongo mweusi wa mbugani ukiwa mkavu unaonekana kama saruji, ukinyeshewa unakuwa uji, na vigingi vinatoka kama sindano kwenye siagi. Bonde nalo hukusanya baridi. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kutuama chini. Waliolala kambi ya Barranco kule Kilimanjaro, chini ya ule ukuta wa mwamba, wanaijua baridi yake. Ukipata hatua chache tu juu ya sehemu ya chini kabisa, umejisaidia.

Kosa ninaloliona kuliko yote chini ya hema ni la turubai la kutandika. Watu wanatandika kubwa kuliko hema, pembe zinatokeza nje pande zote. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kutoka kitambaa cha juu, yanakingwa na pembe zile, yanaletwa chini ya mgongo wako. Umejijengea bwawa. Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu, au likunje hadi lisionekane ukilitazama hema kutoka juu.

Upepo nilijifunzia kambi ya Karanga, huko huko Kilimanjaro. Kambi ile iko karibu mita 4,000, kwenye mteremko ulio wazi, ardhi ni mawe na changarawe, na kigingi hakiingii zaidi ya vidole viwili. Mwaka wangu wa kwanza nilivisha fito kabla ya kufunga chochote chini, hema likajaa upepo kama tanga la jahazi, likaniponyoka. Tulilikuta limekwama kwenye jiwe, ufito mmoja umepinda kama ndoano. Tangu siku hiyo mpangilio wangu haubadiliki. Kwanza natandaza, nafunga pembe mbili zinazotazama upepo unakotoka, ndipo fito zinaingia, na mwenzangu ameshika. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, mlango uwe upande uliokingwa. Pale ambapo kigingi hakishiki, natumia mawe mawili: kamba nafunga kwenye jiwe dogo, kisha naweka jiwe kubwa mbele yake, upande wa hema, likiwa limeikalia kamba. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana nyuma ya kubwa. Kufunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe lenye makali ni kuikata, asubuhi utakuta uzi mmoja umebaki.

Kigingi chenyewe, au pegi kama tunavyosema kambini, kiinamie mbali na hema, kichwa nje na ncha ikitazama chini ya hema. Wengi huinamisha kinyume, na mvuto wa kwanza unakichomoa.

Turubai la kivuli na mvua juu ya sehemu ya kukaa lina sheria chache. Lisiwe tambarare kamwe. Upande mmoja uwe chini wazi wazi, vinginevyo maji yanakusanyika katikati na kulichana. Na kuna hila ndogo ambayo naipenda sana. Kamba ikitoka kwenye mti kuja kwenye turubai, maji ya mvua hutembea juu yake hadi ndani. Funga kipande cha uzi kwenye kamba hiyo, sentimita chache kabla haijafika turubai, kining'inie. Maji yakifika pale yanafuata uzi, yanadondoka nje. Uzi wa kiatu unatosha.

Hapa nasimama na kusema kwa uzito. Usiingize jiko ndani ya hema ulilolala, iwe la mkaa au la gesi, hata kwa dakika tano za kupasha mikono. Mkaa unaofifia, ule ambao hautoi moshi na watu wanauona salama, unatoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Unaumwa kichwa, unasinzia, huamki. Hema lenye utando wa kuzuia maji, likifungwa, linaishika hewa hiyo ndani. Kila masika vijana hunipitia kuazima hema na kuniuliza kuhusu baridi, na huwa siwaachi waondoke kabla sijawaambia hili wakiwa wananitazama usoni. Ukisikia baridi, chemsha maji nje, yajaze kwenye chupa inayofunga vizuri, ivishe soksi, iweke miguuni ndani ya begi la kulalia. Hiyo inakufikisha alfajiri.

Ukirudi nyumbani hema litolewe mfukoni siku hiyo hiyo, hata kama umechoka. Lianike kivulini, si juani siku nzima, kwa sababu jua letu linakula nailoni haraka. Tope lifutwe kwa sifongo na maji matupu bila sabuni ya unga, kwani sabuni inaondoa kinga ya kitambaa. Fito zikunjwe kuanzia katikati kwenda pembeni ili ule mpira wa ndani ulegee sawasawa pande zote, na wakati wa kuzitoa zisukume, usizivute, zikivutwa zinaachana ndani ya ule mkanda wa kitambaa zinamopita na kuuchana. Zipu zipigwe mswaki mkavu. Nikipokea hema lililotoka Ziwa Natron huwa naanza na zipu, vumbi la kule ni laini kama unga na linakula meno ya kile kichwa cha zipu hadi kinapita bila kufunga. Mara nyingi haihitaji zipu mpya. Ninabana kichwa kidogo kwa koleo, kila upande mara moja, na inashika.