Si kweli kwamba kila ndege ana mlio mmoja tu

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti kila aina ya ndege ina mlio mmoja, ukiusikia tu umeshamjua. Sivyo. Ndege yuleyule huwa na wimbo wa kuvuta mwenza au kulinda eneo lake, mlio mfupi wa kuitana, na mwingine wa hatari. Ndege waimbaji wengi hujifunza kwa wakubwa wao, hivyo aina moja huweza kuwa na lafudhi tofauti kila sehemu. Baadhi ya kwezi huiga hata sauti za ndege wengine!

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana rekodi tunazotumiana huwa fupi, za wimbo mmoja. Ukitaka uhakika, subiri umwone akiimba, kisha linganisha na rekodi kadhaa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.