Msitu Kubaki Nusu Si Sokwe Kubaki Nusu

Barabara ya Masindi kwenda Hoima, magharibi mwa Uganda, ni miwa, mahindi, tena miwa. Hapa na pale utaona kichaka chembamba kinachofuata mto. Ni mabaki ya miti iliyokuwa kati ya msitu wa Budongo na wa Bugoma, na sokwe bado hupitia humo.

Dhana: "Tukifyeka nusu, tutabaki na nusu ya sokwe."

Ukweli: Mwaka 1969 mwanaikolojia Richard Levins aliandika mlinganyo mfupi kuhusu wanyama wanaoishi katika vipande vya makazi vilivyotengana. Vipande vitupu hupata wahamiaji. Vyenye wanyama huweza kubaki vitupu. Tuchukue namba za mfano tu: kasi ya kuhamia 0.10 kwa mwaka, ya kutoweka 0.04. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate 0.4, kisha itoe kwenye 1. Kati ya vipande 100, 60 vitakuwa na wanyama. Waliomfuata Levins waliingiza ufyekaji humo: sehemu iliyofyekwa nayo hutolewa kwenye 1. Ukifyeka vipande 50, vyenye wanyama havibaki 30, vinabaki 10. Nilikokotoa mara mbili nikidhani nimekosea. Ukifyeka 60, jibu ni sifuri, ilhali vipande 40 vimesimama na miti yake yote.

Dhana: "Mbona sokwe tunawaona kila siku?"

Ukweli: Sokwe huishi miongo kadhaa, na jike huzaa kila baada ya miaka mitano au sita hivi. Hao unaowaona leo huenda ni deni ambalo halijadaiwa: msitu umeshapungua mno, ila kutoweka kwao bado hakujafika.

Dhana: "Panda miti ya ushoroba, yameisha."

Ukweli: Ushoroba, yaani ukanda wa miti unaounganisha misitu, huongeza kasi ya kuhamia, na mimi nauunga mkono. Ila ukipita katikati ya mashamba, sokwe hukutana na mbwa, mitego ya waya na mafua yetu. Budongo wapo wengi waliolemaa mikono kwa mitego hiyo. Hapo kasi ya kutoweka nayo inapanda.

Dhana: "Idadi ikiongezeka, hatari imepita."

Ukweli: Hesabu ya 2018 ilipata gorila 459 katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na hifadhi ya Sarambwe upande wa Kongo. Habari njema kweli. Lakini wenzao wa milima ya Virunga wako kilomita 25 hivi, na katikati ni viazi, maharage na nyumba za watu. Ugonjwa ukiingia Bwindi, hakuna gorila wa kuvuka mashamba hayo kuja kujaza pengo.