Bustani Mwishoni mwa Majira ya Baridi: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Wiki za mwisho za majira ya baridi huwaponza wenye bustani. Jua limeanza kuchelewa kuzama, theluji imebaki mabaka mabaka kwenye kivuli cha ukuta, na mikono inawasha kushika reki. Kaskazini mwa dunia ni Februari na Machi, kusini ni Agosti. Makosa mengi ya mwaka mzima hutendeka hapa, na karibu yote yana mzizi mmoja: tunadhani bustani imekufa au imelala, na sisi ndio wa kuiamsha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Chini ya yale majani makavu yanayokukera macho, kuna viumbe wanaohesabu akiba yao ya mwisho ya mafuta.

“Baridi ikianza kulegea, ndege wameshavuka”

Hapana. Kwa ndege wengi wadogo huu ndio wakati wa njaa kali. Matunda ya vichakani yaliyokuwa tele mwanzoni mwa msimu yameliwa, mbegu zilizoanguka zimeokotwa au zimeoza, na wadudu wa majira mapya hawajatokea. Tunaona jua tukafurahi. Ndege anaona ghala tupu.

Mchukue Cyanistes caeruleus, yule ndege wa Ulaya mwenye utosi wa buluu na kifua cha njano. Uzito wake ni takriban gramu 11. Usiku mmoja wa baridi unaweza kumla hadi sehemu moja ya kumi ya uzito huo, kwa sababu mafuta aliyoyakusanya mchana ndiyo kuni zake za usiku. Akipambazukiwa, ana saa chache tu za mwanga za kurudisha kilichoteketea. Asipofaulu leo, kesho hana deni la kukopa.

Ndiyo maana ndege hubanana. Mwaka 1969, huko Norfolk, Uingereza, ndege 61 wa jamii ya Troglodytes, wale wadogo wa kahawia wanaosimamisha mkia, walikutwa wamelala ndani ya sanduku moja la kiota. Ndege 61! Mchana ndege hawa ni wagomvi, kila mmoja analinda eneo lake, lakini baridi ya usiku huwafanya wasahau ugomvi. Kwa hiyo sanduku la kiota lililo tupu wakati huu si tupu kama unavyodhani. Kama bado hujalisafisha, lisafishe mchana, na usikawie, kwani baadhi ya ndege huanza kukagua nyumba za kuzalia mapema kabla hata majani hayajachipua.

“Ukiwazoesha chakula watakuwa tegemezi, tena watasahau kuhama”

Dhana hii ina sura ya busara, lakini haijasimama ilipopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 huko Wisconsin, Marekani, uliwafuatilia ndege wadogo wa aina ya Poecile atricapillus walioishi mahali palipowekwa chakula kwa miaka mingi. Chakula kilipoondolewa, walinusurika majira ya baridi sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Ndege wa porini hula huku na kule. Chombo chako ni kituo kimoja kati ya vingi.

Kuhusu kuhama, kengele yao kubwa ni urefu wa mchana, si bakuli la mbegu. Ila kuna ndege mmoja anayetia doa hoja hii, na si haki kumficha. Sylvia atricapilla wa Ulaya ya Kati kwa kawaida huenda kusini-magharibi, Hispania na kwingineko, kupitisha baridi. Katika miongo ya karibuni baadhi yao wamekuwa wakienda Uingereza badala yake, na chakula cha bustanini ni sehemu ya kinachowawezesha kuishi huko. Kwa hiyo kulisha kunaweza kubadili tabia ya kundi zima kadiri vizazi vinavyopita. Hakumfanyi ndege mmoja mmoja kuwa mvivu.

“Chakula chochote ni sadaka”

Hapa ndipo wema wetu unapoua. Mkate si sumu, ila hujaza tumbo bila kutoa mafuta yanayohitajika usiku, na mkate wenye ukungu ni hatari kweli. Mafuta yaliyobaki kwenye sufuria ya nyama yana chumvi nyingi ambayo mwili mdogo hauimudu. Weka mbegu za alizeti, karanga zisizotiwa chumvi, au mafuta magumu ya ng'ombe yasiyo na viungo. Maji pia: kila kitu kikiganda, kisahani cha maji ya kunywa kina thamani kama chakula. (Wale wanaosema mchele mbichi humpasua ndege tumbo, wapumzike. Ndege wengi hula nafaka kavu mashambani na hawapasuki.)

Kalunguyeye naye amedhulumiwa na picha za vitabu vya watoto. Bakuli la maziwa analowekewa humletea kuhara, kwa sababu hawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Mpe maji na chakula cha paka au mbwa chenye nyama. Na ukimwona anayumbayumba mchana kweupe, usishangilie kwamba majira yamebadilika. Kalunguyeye ni mnyama wa usiku, na anayetembea hivyo mchana mara nyingi ni mgonjwa au ana njaa iliyokithiri. Mtie ndani ya boksi lenye kitambaa, mweke pakavu, kisha uwatafute wanaohudumia wanyama wa porini.

Lakini kosa baya kuliko yote halina uhusiano na aina ya chakula. Ni uchafu. Chombo cha kulishia huwakutanisha ndege ambao porini wasingekula kinywa kwa kinywa, na mate ya mgonjwa hubaki kwenye mbegu zilizolowa. Tangu mwaka 2005, ugonjwa unaosababishwa na kimelea Trichomonas gallinae umewafyeka ndege wa kijani wa aina ya Chloris chloris nchini Uingereza, hata mwaka 2021 wakaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio mashakani. Ndege mgonjwa hujivimbisha manyoya, hukaa kando ya chakula akimeza kwa shida, na haruki ukimkaribia. Wengi humwona wakasema, “huyu amenizoea.” Hajakuzoea, anakufa. Ukimwona, ondoa chombo kwa wiki kadhaa ili ndege watawanyike, kisafishe kwa dawa, kisuuze, kikauke kabisa. Kama huna muda wa kukisafisha kila wiki, ni heri upande vichaka vyenye matunda, ukaachana na chombo.

“Baridi kali ya mwaka huu itatumalizia wadudu waharibifu”

Watu hujifariji hivyo kila jalidi inapopiga. Wadudu wa maeneo ya baridi wana mamilioni ya miaka ya uzoefu: wengi hutengeneza glisero mwilini, ambayo hushusha kiwango cha kuganda, na vidukari wengi hupitisha msimu wakiwa mayai magumu yaliyobanwa kwenye magome. Chura wa Amerika Kaskazini, Rana sylvatica, amevuka mipaka zaidi. Zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake huganda, moyo husimama, kisha joto likirudi huyeyuka akaruka zake.

Theluji yenyewe ni blanketi. Ile mpya iliyo laini huwa hewa kwa takriban 90% au zaidi, na hewa iliyonaswa huzuia joto la udongo lisipotee. Kinachoumiza zaidi ni kigeugeu cha mwishoni mwa msimu, siku nne za joto kisha jalidi: kiumbe ameamka, ametumia akiba yake, na mlango umefungwa tena. Mimea ya vyunguni nayo hufa wakati huu watu wakilaumu baridi, kumbe mingi imekufa kwa kiu. Mmea usiopukutisha majani huendelea kupoteza maji kwenye upepo, na mizizi iliyoganda haiwezi kuyavuta. Siku ambayo udongo haujaganda, mwagilia.

“Bustani nzuri ni iliyofagiliwa mapema”

Binafsi naliona hili kuwa dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu linasifiwa na majirani. Wale nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi ya Bombus hawavuki baridi kama kundi. Wote hufa isipokuwa malkia wachanga waliokwisha kupandwa, na kila mmoja hujichimbia peke yake kwenye udongo uliotulia. Ukipindua udongo huo kwa koleo, umeua kundi zima la kiangazi kijacho. Mabua makavu yenye uwazi ndani ni vyumba vya nyuki wanaoishi peke yao. Majani yaliyorundikana chini ya ua la miti yanaweza kuwa na kalunguyeye, vyura, au vipepeo ambao bado wako kwenye kifukofuko.

Subiri hadi siku za joto zifuatane, wengi hukadiria nyuzijoto 10 za Selsiasi kwenda juu. Ukilazimika kukata mabua, acha vishina vya kiasi cha shubiri moja vikisimama, na uyalaze uliyoyakata pembeni badala ya kuyachoma. Rundo lolote la matawi unalotaka kulitia moto lihamishe kwanza, tawi kwa tawi, siku hiyo hiyo ya kuchoma. Kulichungulia kwa tochi hakutoshi.

“Kidimbwi kikiganda, vunja barafu”

Usivunje. Mshindo wa nyundo husafiri majini na unaweza kuwaumiza samaki. Barafu ni nyepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea; maji nayo huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzijoto 4, ndiyo maana samaki hutulia chini, kwenye maji yasiyoganda. Tatizo lao ni hewa: majani yanayooza chini hutoa gesi isiyopata pa kutokea. Weka sufuria yenye maji ya moto juu ya barafu, iyeyushe tundu polepole. Fagia pia theluji iliyo juu ya barafu ili mwanga uifikie mimea ya majini, nayo iendelee kutoa oksijeni.

“Pogoa miti yote sasa, kisha paka rangi kwenye vidonda”

Nusu kweli, nusu uzushi. Mtufaa na mpeasi hupogolewa vizuri ikiwa haina majani. Miplamu na micheri ngoja hadi kiangazi, kwa sababu majeraha ya msimu wa baridi huwa njia ya kuvu aitwaye Chondrostereum purpureum, anayeyapa majani rangi ya fedha na hatimaye kuua matawi.

Rangi ya vidonda ni biashara tu. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na kuonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Hujenga kuta za ndani zinazozingira sehemu iliyoharibika. Rangi haisaidii ujenzi huo, na mara nyingine hunasa unyevu. Kinachosaidia ni kukata mahali sahihi: nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, bila kuufyeka.

“Usiku kuna mtu anapiga kelele nje”

Pengine ni mbweha. Kwa mbweha mwekundu wa kaskazini, majira ya baridi ndiyo msimu wa kupandana, na jike hulia kwa sauti inayofanana kabisa na ya binadamu aliye hatarini. Mimba huchukua kama siku 52.

“Usifungue madirisha, unyevu utaingia”

Hili la ndani ya nyumba ni gumu kuwashawishi watu, lakini hesabu ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzijoto 0 haiwezi kubeba zaidi ya takriban gramu 5 za mvuke. Ikipashwa hadi nyuzijoto 20, hewa hiyo hiyo ina uwezo wa gramu 17 hivi. Maana yake, hewa ya nje hata siku ya ukungu mzito ikiingia na kupata joto inakuwa kavu, ikinyonya unyevu. Jasho linalotiririka kwenye vioo asubuhi limetoka kwetu: pumzi, sufuria, bafu, na nguo zilizoanikwa juu ya hita. Fungua madirisha yanayotazamana kwa dakika chache, kisha funga. Kuta hazitapoa kwa muda huo, ila ule ukungu mweusi wa kwenye kona utakosa chakula chake.

Ukikuta kwenye fremu kundi la vidudu vyekundu vyenye madoa, wale wala vidukari, usivipulizie dawa. Vilikuja kujihifadhi, na joto la hita linaviamsha vikateketeza akiba. Vihamishie kwenye banda baridi lililo kavu. Kipepeo aliyezinduka sebuleni naye afanyiwe hivyo hivyo.

“Panya huvutwa na jibini”

Panya mdogo wa nyumbani hupenda zaidi nafaka na mbegu, na hapo tunarudi kwenye lile gunia la mbegu za ndege ulilolisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni. Lihamishie kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Tundu la milimita 6 linamtosha kupita, basi kagua penye mabomba, na uzibe kwa sufi ya chuma kabla ya kupiga plasta. Vinyesi vyake usivifagie vikiwa vikavu, maana vumbi lake linaweza kubeba vimelea. Vaa glavu, vilowanishe kwa dawa ya kuua vijidudu, ngoja dakika kadhaa, kisha ufute kwa karatasi ya kutupa.