Sigara ya Umeme ni Daraja la Kuvukia, Si Baraza la Kukaa

Alipokaa kitini aliweka vitu viwili juu ya meza yangu: paketi ya sigara iliyobondeka pembe, na kidude cha plastiki cha buluu, kirefu kama kalamu, kinachonukia embe.

"Daktari, mimi sigara nimeshaacha."

Nikaitazama paketi. Akainama kidogo. "Hii ni ya asubuhi tu na chai, na moja nikishakula usiku. Nyengine zote navuta hiki."

Ni nahodha wa boti ya uvuvi, mtu mzima wa miaka 50 na kitu, na amevuta tangu ujana wake. Kidude kile ni sigara ya umeme, ambayo wengi huiita vepu, na alipewa na mwanawe anayefanya kazi hotelini, kwa nia njema kabisa: "Baba, vuta hiki, hakina moshi." Katika kliniki yetu ya maradhi yasiyoambukiza hapa Unguja, wiki haipiti bila ya mtu wa namna hii. Wengi huja kwa presha au kwa kikohozi kisichokwisha, na katikati ya mazungumzo ndipo linapotoka swali: nikiacha sigara nikashika vepu, nimesalimika?

Jibu langu ni refu kidogo, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jibu fupi, liwe ndiyo au hapana, humdanganya muulizaji.

Tuanze na moto. Kinachoua zaidi katika sigara ni kule kuungua kwake. Mtu akivuta, ncha ya sigara hufika joto la nyuzi 800 hivi, na jani likiungua kwa joto hilo hutoa kemikali zaidi ya 7,000, ambazo kiasi cha 70 kati yao husababisha saratani. Humo mna lami inayoganda mapafuni. Mna pia kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hii hukalia kwenye damu nafasi ya oksijeni, na moyo hulazimika kusukuma zaidi kwa faida ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti wenyewe: ni wake, watoto na wafanyakazi wenza waliokuwa wakivuta moshi wa wengine.

Ndani ya sigara ya umeme hakuna kinachoungua. Kuna betri, waya mwembamba uliozungushiwa kwenye pamba, na majimaji yenye gliserini, propilini glikoli, ladha na, mara nyingi, nikotini. Mtu akivuta, betri hupasha waya na majimaji yakageuka mvuke. Ufundi huu kama tunavyoujua leo ulibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji anayetaka kuacha. Kwa kuwa hakuna kuungua, lami na kaboni monoksidi haviingii mwilini kama vinavyoingia kwenye sigara. Kwa hiyo mvutaji wa miaka mingi akiiacha sigara kabisa, hata moja asiiguse, na akabaki na vepu peke yake, anayapunguza sana madhara. Hilo nalisema waziwazi, maana kumficha mgonjwa ukweli kwa kuogopa ataupenda si kumsaidia.

Tena kuna ushahidi kuwa vepu huweza kumtoa mtu kwenye sigara. Uingereza walifanya utafiti kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha, ukachapishwa mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, kwa kila watu 100 waliopewa vepu, 18 walikuwa hawavuti tena sigara. Kwa waliopewa plasta za kubandika, ubani wa kutafuna na dawa nyengine za nikotini, walikuwa 10. Habari hii ndiyo inayozungushwa na wauzaji. Mambo mawili ya utafiti huo huo hawayazungushi. La kwanza, watu wale hawakupewa kidude wakaachiwa njia; kila mmoja alikutana na mshauri kila wiki kwa mwezi mzima. La pili, katika wale waliofanikiwa kuacha sigara kwa vepu, 80 katika kila 100 bado walikuwa wanaivuta vepu mwaka ulipotimia. Waliotumia plasta na ubani, waliobaki nazo walikuwa 9.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Walivuka daraja, wakakaa juu yake.

Bibi yangu alikuwa na kijaluba cha tambuu, na ndani yake mlikuwa na popoo, chokaa, katu na tumbaku. Vitu hivyo vyote kwa pamoja alikuwa akiviita uraibu. "Mwanangu, nipe uraibu wangu." Leo neno hilo tunalitumia kwa maana ya kufungwa na kitu kiasi cha kushindwa kukiacha, na mimi huona wazee walishaliona jambo lenyewe kabla ya maabara. Tumbaku ikitiwa ndani, kijaluba hakisahauliki. Nikotini inayovutwa hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, ikampa mtu utulivu wa muda mfupi, na baada ya saa chache ikaondoka na kumwacha na kile ambacho vijana wanakiita arosto: hasira za karibu, mikono kutotulia, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Sigara, tambuu yenye tumbaku, shisha na vepu ni vyombo mbalimbali vya abiria huyo mmoja.

Na mvuke si maji, ingawa wengi wanaamini hivyo. Waya ukipata joto kupita kiasi, au pamba ikikauka, hutoka kemikali ya sumu iitwayo fomaldehaidi na chembe za metali kama nikeli na risasi. Mwaka 2019 Marekani walipata wagonjwa zaidi ya 2,800 waliolazwa kwa kuumia mapafu ghafla baada ya kuvuta vidude hivi, na 68 kati yao wakafa. Sehemu kubwa walikuwa wamevuta majimaji yenye kilevi cha bangi yaliyochanganywa mafuta ya vitamini E, mengi yakitoka mitaani. Sitaki kumtisha mtu kwa kusema kila vepu ni hiyo. Ninachotaka ajue ni kwamba mnunuzi wa chupa isiyo na maandishi yanayosomeka hajui anachokiingiza kifuani mwake. Na vidude vyenyewe vina umri wa miaka 20 na kidogo tu, wakati saratani ya mapafu huchukua miaka kama hiyo au zaidi kujitokeza.

Sasa turudi kwa nahodha na sigara zake mbili. Alihesabu hivi: nilikuwa navuta 20, sasa navuta 2, basi hatari imeshuka mara 10. Kwa mapafu hesabu hiyo ina ukweli kiasi. Kwa moyo haina kabisa. Mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayoibeba mvutaji wa paketi nzima, kwa sababu damu na mishipa huchafuka kwa moshi mdogo sana. Ile ya chai na ile ya baada ya chakula, ambazo yeye aliziona ni masazo, ndizo zilizokuwa zikiushikilia moyo wake. Na juu yake alikuwa ameongeza nikotini ya vepu mchana kutwa, kwani kidude hakina mwisho kama sigara. Hakiungui mpaka kwenye kichungi kikakwambia basi. Anayeshika vyote viwili hajahama. Ana nyumba mbili na kodi analipa kote.

Ukiamua kuhamia vepu ili uiache sigara, basi hama siku moja, sigara zote zitoke ndani ya nyumba, mfukoni na botini. Tumia kidude cha kujazwa, si kile cha kutupa, kwa sababu cha kutupa hakikupi nafasi ya kushusha kiwango. Nguvu ya nikotini huandikwa ubavuni: asilimia 5 maana yake ni miligramu 50 kwa mililita, kiwango kikubwa mno, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kupita 20. Ushuke hatua kwa hatua, na tarehe ya kukiacha kidude uiweke mwanzoni, si baadaye. Lakini kabla ya hapo uliza famasi au kituo cha afya kuhusu plasta na ubani wa nikotini. Si kila duka la dawa linaviweka, ila tangu mwaka 2009 vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, vinajulikana vilivyo, na mtu huviacha kwa wepesi. Kwangu mimi hivyo ndivyo vya mwanzo, na vepu ni kwa mvutaji mkubwa aliyejaribu njia nyengine zikamshinda.

Mjamzito asihamie vepu kwa kudhani mtoto amesalimika. Nikotini humfikia mtoto tumboni. Na anayetumia dawa ya pumu aina ya aminofilini, au dawa ya akili ya klozapini, amwambie daktari siku anayoacha sigara, maana moshi ulikuwa ukiharakisha dawa hizo kutoka mwilini na sasa kipimo kinaweza kuwa kikubwa kwake.

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya mvutaji mtu mzima. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta, habari inageuka. Yeye hana sigara anayoikimbia, kwa hiyo kwake daraja hili linakwenda upande wa pili. Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari aliniletea kidude alichomkuta nacho mwanafunzi, akidhani ni kalamu ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Kilinukia tikiti. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na nikotini ikiingia kabla ya hapo hushika kwa nguvu zaidi.

Ladha nayo ina kazi yake, na sisi watu wa visiwa vya karafuu tulipaswa kuijua mapema. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu za Unguja na Pemba zilisagwa zikachanganywa na tumbaku kutengeneza sigara ziitwazo kretek, kabla ya nchi hiyo kustawisha mashamba yake ya kutosha. Mafuta ya karafuu, yale yale anayotumia daktari wa meno, hutia ganzi. Koo halisikii ukali, na mvutaji huuingiza moshi ndani zaidi. Marekani walizipiga marufuku sigara za karafuu na za matunda mwaka 2009 kwa sababu zilikuwa zikiwavuta vijana. Embe, tikiti na ubaridi wa mnanaa ndani ya vepu vinafanya kazi hiyo hiyo: kuifanya pumzi ya kwanza isimkerekete mtoto. Mzazi anayesubiri kunusa harufu ya sigara kwenye nguo za mwanawe hataisikia.

Nyumbani, chupa za majimaji ziwekwe juu na zifungwe. Zinanukia pipi, na kiasi kidogo kikinywewa na mtoto kinaweza kumuua. Akishayanywa usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Yakimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi.

Watu wengi huniambia hawawezi kukaa saa tatu bila ya kuvuta. Ndipo ninapowakumbusha Ramadhani. Kila mwaka, kwa siku 29 au 30, wavutaji wetu hukaa zaidi ya saa 13, tangu alfajiri hadi magharibi. Nimewaona katika bustani ya Forodhani wakishika tende mkono mmoja na kiberiti mkono mwengine, wakisubiri adhana. Mwili wao huwa umeshapita sehemu kubwa ya kazi ya siku ile, kisha wanaianza upya kila usiku. Arosto hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na ndani ya wiki mbili hadi nne huwa imetulia. Hamu yenyewe huja kama wimbi, dakika chache tu, ikapita. Anayeziunganisha siku tatu za mwanzo, usiku na mchana, amepita mahali pagumu kuliko pote. Kaboni monoksidi katika damu hurudi kawaida ndani ya siku moja au mbili, na baada ya mwaka hatari ya ziada ya moyo huwa imeshuka kama nusu.

Nahodha alirudi baada ya wiki sita. Paketi hakuwa nayo. Ile ya asubuhi ndiyo iliyomtesa, akasema, mpaka alipoacha kunywa chai barazani na wenzake na kuanza kuinywa botini, kitumbua mkono mmoja na usukani mkono mwengine. Kidude cha embe alikitupa, sasa anacho cha kujaza, na tumeshakishusha kiwango mara moja. Tarehe ya kukiweka chini aliichagua mwenyewe: usiku mwezi wa Ramadhani utakapoandama. Nimeiandika kwenye kadi yake, chini ya presha yake ya siku ile, na mwanawe amepewa nakala.