Hadithi kwenye bayolojia ya chuo kikuu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Hadithi ni za watoto; chuoni tunataka data.

Ukweli: Hadithi nzuri ya sayansi imejaa data. Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hawakufika asilimia 1.

Mhadhiri anyamaze hapo kwanza. Jeni inayoua watoto wanaoirithi kwa baba na kwa mama pia, mbona haikutoweka Pwani? Wape wanafunzi ramani ya malaria wailinganishe na asilimia hizo, wabishane. Ndipo waambiwe kwamba Allison alirudi mwaka 1953, na wanaume 30 wa Kijaluo wakajitolea kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasiobeba jeni hiyo, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walioibeba, 2 tu. Makala ilichapishwa 1954. Mwanafunzi akiuliza kama kamati ya maadili ya leo ingekubali jaribio hilo, usimzime. Hilo nalo ni somo.

Dhana: Hadithi zinakula muda wa silabasi.

Ukweli: Zinakula, ndiyo. Ila kisa hiki kimoja kinagusa urithi wa Mendel, muundo wa protini (asidi amino iitwayo valini kukalia nafasi ya nyingine, asidi ya glutamiki, kwenye hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni), uteuzi wa asili na epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa. Mada ambazo kwa kawaida hufundishwa kwenye mihadhara isiyosalimiana.

Dhana: Darasa likivutiwa, limeelewa.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ya hatari zaidi, na wanaoishikilia ni sisi tunaopenda kusimulia. Ulimi wa msimulizi hupenda kumpa kila mhusika nia, kwa hiyo utasikia: "Mwili uliunda jeni hiyo ili ujikinge na malaria." Sivyo. Badiliko la jeni lilitokea kwa bahati tu. Palipokuwa na malaria kali, aliyelirithi kwa mzazi mmoja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi hadi kuzaa, akalirithisha. Baada ya kusimulia, mwambie mwanafunzi aeleze upya bila kuipa jeni akili wala shabaha. Akishindwa, alifurahia tu.

Dhana: Lazima awepo shujaa anayegundua yote kwa mpigo.

Ukweli: Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya uteuzi wa asili, hakuwaelewa ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos alipokuwa huko mwaka 1835, wengi wao hata hakuwaandikia kisiwa walikotoka. Aliyetambua kwamba ni spishi tofauti za kundi moja ni John Gould, mtaalamu wa ndege, akiwa London mwaka 1837.